Chumba cha self hakijawahi kunipa rafiki: uzi wa waliowahi kulala hosteli

Kiroboto wa Kwamtogole

Wakuu salaam, wale mliozoea kuandika "uzi bila picha" mnisamehe kabisa, simu za kipindi hicho zilikuwa za tochi.

Msimamo wangu ni huu na nipo tayari kubishana na yeyote. Chumba cha self hakijengi urafiki. Unalipa, unapewa ufunguo, unawasha feni, unaoga bafu lako, unaangalia tivii yako, asubuhi unarudisha ufunguo unaondoka, hata aliyelala chumba cha pili hujui ni mtu au ni jini. Nimelala gesti za kila aina kuanzia Tunduma mpaka Sirari na sikumbuki sura ya mtu hata mmoja. Ila hosteli, zile za vitanda vya dabo deka, bafu nje, pasi moja watu wote, huko ndo nimetoa watu ambao leo nikifiwa wanafika kabla ya ndugu zangu.

Na sio kwamba watu wa hosteli wana roho nzuri kuliko wengine, hapana. Ni shida tu, zile shida ndogo ndogo. Utamwomba mtu dawa ya mswaki, utamwambia nilindie begi nikaoge, utamuuliza maji yanatoka saa ngapi, ukija kushtuka mshaanza kuulizana kwenu wapi.

Mfano wangu ni Dodoma kipindi cha usaili wa kazi za serikali, ule wa Utumishi. Wanaojua wanajua, tangazo linatoka, majina yanatoka, watu wanapanda mabasi kutoka kila mkoa kwenda kugombania nafasi ambazo unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikafikia hosteli moja ya dini, bei ya kawaida, chumba vitanda viwili vya deka maana yake watu wanne, na kwenye daftari la wageni pale mapokezi kama kawaida unaandika jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Mimi nikachungulia mstari wa juu nikaona wenzangu wote wa chumba kile sababu ya safari wameandika "usaili". Kumbe nalala na wapinzani wangu!

Kuna jamaa wa Bukoba, kuna mmoja wa Newala, na mwingine Mpare wa Same ambaye alikuja na kreti zima la maneno. Usiku ule kabla ya mtihani wa kuandika wote tumekaa kimya kila mtu na madesa yake, unaona kabisa mtu anafunika daftari lake na mto. Ndo yule wa Newala akatoa vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki kuvipanga, Mpare akawa anachungulia kwa juu kitandani akasema wewe mbona cheti cha kuzaliwa kina jina jingine na cha form four jina jingine, una diidi poll, ile hati ya wakili ya majina? Jamaa hana. Alikuwa anajua kabisa tangazo limesema majina yakitofautiana uwe na hati, ila alidhani ile herufi moja iliyozidi haina shida.

Sasa fikirieni. Huyu mtu akikwama, tumepungua. Hakuna aliyewaza hivyo, au kama kuna aliyewaza alinyamaza. Yule Mhaya wa Bukoba akapiga simu kwa mjomba wake aliyeko Area C, mjomba akatoa namba ya wakili, wakili akasema njooni saa kumi na mbili kasoro asubuhi nyumbani. Tulimsindikiza wote wanne giza la Dodoma na ile baridi yake ya alfajiri, mashati meupe tumeyabeba kwenye henga kwa sababu pasi ilikuwa moja na tulikuwa tumeshayapiga usiku, hakuna aliyetaka yakunjamane. Tulivyofika wakili alidhani tumekuja kushtaki mtu.

Wa Newala ndo alipata kazi. Sisi watatu tulirudi makwetu. Ila mpaka leo akipokea mshahara wa Desemba anatutumia korosho, na Mpare kila akizionja anasema hizi ni zangu kabisa.

Haya leteni zenu. Na wale wa self mje mjitetee.

Binti Makorora

Kaka umenikumbusha mbali sana mpaka nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

Mimi nilitoka Tanga nimepata kazi ya kwanza Dar, mshahara wa mafunzo, chumba Sinza wanataka kodi ya miezi sita mama yangu hana. Shangazi akasema nenda hosteli ya akina dada mjini kati, mabinti wa kazi wanakaa pale kwa mwezi. Mama alikubali kwa sababu moja tu, geti linafungwa mapema na wanaume wanaishia mapokezi. Hahahaha hiyo ndo ilikuwa sifa kubwa kwake, mambo ya maji na umeme wala hakuuliza.

Kile chumba tulikuwa watatu. Mmoja wa Kigoma nesi anaingia shifti za usiku, kwa hiyo kitanda chake mchana yupo usiku hayupo, na mwingine wa Mbeya anasomea uhasibu jioni. Tulikuwa tunaonana wote watatu Jumapili tu. Sasa Jumapili ndo siku ya kufua, kule uwani kuna karo mbili za kufulia na mabinti kama kijiji kizima, unaweka ndoo yako kwenye foleni tangu saa kumi na moja asubuhi unarudi kulala, na ole wako ndoo yako isogezwe. Urafiki wote wa pale ulianzia kwenye lile karo. Pale ndo niliposikia nani kaachwa, bosi gani ana mikono mirefu, ofisi gani wanatafuta mtu, nani anauza vitenge vya Kigoma kwa mkopo. Kazi yangu ya pili niliipata nikiwa na mapovu mpaka kwenye viwiko, dada mmoja hata simfahamu vizuri akasema wewe si unajua kompyuta, kesho peleka barua sehemu fulani.

Yule nesi nilikuja kuumwa malaria kali, alitoka zamu asubuhi hajalala akanikuta natetemeka, akanipeleka mwenyewe, akakaa na mimi mpaka jioni akaunganisha tena zamu. Huyo leo ndo somo wa binti yangu. Wa Mbeya alisimamia kitchen party yangu kama mwenyekiti na alikuwa mkali kwenye michango kuliko TRA.

Halafu kuna kitu nilikuja kukisoma baadaye nikashangaa. Hizi YMCA na YWCA, vyama vya Kikristo vya vijana wa kiume na wa kike vyenye hosteli, tunazoziona miji mikubwa zilianzia London, YMCA mwaka 1844 na YWCA mwaka 1855, na sababu ilikuwa hii hii, vijana wanatoka vijijini kuja mjini kutafuta kazi na watu wanahofia maisha watakayoishi huko. Kwa hiyo mama yangu na wale Waingereza wa kizamani walikuwa na hofu moja.

Mwananchi Mtata

Mnapamba sana. Ngoja nilete upande wa pili.

Nimelala hosteli, nikaamka sina simu, sina viatu, na niliyekuwa namwita "mwanangu" jana yake usiku kaondoka na basi la alfajiri. Kunguni sijawataja bado. Mtu akiwa mzoefu anaingia chumbani kitu cha kwanza ananyanyua godoro anaangalia kwenye mishono kama kuna vidoti vyeusi, na kuna hosteli nilinyanyua nikalirudisha taratibu nikaenda kulala stendi.

Na huo urafiki wenu tuuseme ukweli, unaishia kwenye grupu la WhatsApp. Wiki ya kwanza picha, wiki ya pili "nimewamiss familia", mwezi wa tatu kimya, mwaka unaofuata mtu anaingia ghafla na kadi ya mchango wa harusi, mwingine anatangaza viwanja Kigamboni, watu wanaanza kuleft mmoja mmoja. Rafiki gani hapo?

Kiroboto wa Kwamtogole

Mkuu Mtata kuhusu viatu pole, hilo lipo na ndo maana kufuli lako dogo unatembea nalo. Ila kuhusu grupu kufa mimi sioni tatizo. Kwani ni lazima kila mtu uliyekula naye chai ya rangi na mkate wa Blue Band uzeeke naye? Kuna mtu nililala naye chumba kimoja Moshi pale YMCA kwenye kipilefti usiku mmoja tu, alikuwa anasubiri gari la Rombo, akanipa habari za kilimo cha parachichi mpaka saa nane usiku. Namba yake sina. Jina lake nimesahau. Miche yangu ishazaa mara ya ngapi sijui. Huyo nimwite nani?

Bumu Limeisha

Naomba niwawakilishe wana Mabibo, maana mnaongelea hosteli za kulala siku mbili tatu, sisi tuliishi.

Kwa wasiojua, Mabibo ni hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ila ipo mbali na chuo chenyewe, kila siku unapanda Mlimani na kushuka. Nafasi ziligawiwa kwa bahati na sibu, sasa ukikosa kitanda unafanyaje, unabebwa. Mwenye kitanda chake halali anakubeba mnalala wawili kitanda cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne, huyu kichwa kaskazini yule kusini, na kila mtu ajue kuosha miguu. Chumba cha watu wanne unakuta wanalala saba, nane, na wakati wa mitihani kuna wageni wa chini pia. Ilikuwa hairuhusiwi, wadeni wakija kukagua usiku watu wanaruka kwenye korido kama kumekucha.

Aliyenibeba mimi sikuwa namjua. Nilikuwa nimekaa na begi langu pale chini nje ya bloku mvua inanyesha, jamaa akapita na beseni la ugali kutoka kwa mama ntilie akaniuliza umekosa? Nikasema nimekosa. Akasema twende. Hilo ndo neno lote. Mwaka mzima wa kwanza nimelala kitanda chake. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka tulikuwa tunaweka hela ya chakula kwenye bati moja la maziwa, na likiisha, maana lilikuwa linaisha kabla hata hujalielewa, tunagawana chipsi kavu ya Riverside watu sita na kachumbari ya kuomba. Kuna kipindi alipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, likizo nzima nikabaki Dar nafundisha tuisheni Manzese ili nikae naye tudese pamoja, akavuka zote.

2017 walipofungua zile hosteli mpya pale chuoni, maghorofa 20, wanafunzi 3,840, mdogo wangu akapata chumba kule. Nikaenda kumtembelea, pasafi, maji yapo, kila mtu na kitanda chake. Nikafurahi kwa kweli, sitaki kudanganya watu kwamba kulala mzungu wa nne ni raha. Ila nilimuuliza wenzako wa chumba cha jirani wanatoka mkoa gani, akasema hajui. Nikamwangaliaaa.

Na yule jamaa aliyenibeba sasa hivi ni mkuu wa shule huko Katavi, mtoto wangu wa kwanza ana jina lake.

Mgumu Mstaafu

Ngoja niwapeleke mlimani wakuu, maana hosteli sio lazima iwe mjini.

Mimi nilikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Marangu. Ile ndo njia pekee yenye vibanda vya kulala, nyingine zote ni mahema. Unaanza Mandara kama mita 2,700, unakuja Horombo mita 3,720, halafu Kibo mita 4,700 na ushee, kutoka hapo ni usiku wa manane kwenda Uhuru mita 5,895. Vibanda vya Horombo ni vya mbao, paa limeshuka mpaka chini kama herufi A, ndani wageni wanalala wamebanana kwenye vitanda vyao na begi linakuwa mto. Sisi tulikuwa na sehemu yetu ya kulala na kupikia.

Sasa siri ya Horombo ni kwamba wanaopanda wanalala hapo na wanaoshuka wanalala hapo hapo. Jioni kwenye chumba cha kulia unakutana na makundi mawili, kundi moja linacheka hovyo linakula kama halijawahi kuona chakula, hao wametoka juu, na lingine limekaa kimya linauliza maswali, hao kesho wanaenda. Nimeona hapo mtu anavua glavu zake mkononi anampa mgeni ambaye hata lugha hawaelewani, anamwonyesha kwa ishara tu, juu huko baridi, chukua. Mmama mmoja wa Kijapani alimpa kijana wa Kitanzania, mwanafunzi wa sekondari walikuja na shule yao, soksi nzito za sufu, yule dogo akazivaa pale pale juu ya zake. Kesho yake kutwa nikamkuta kijana anashuka anamtafuta yule mama arudishe, mama keshaondoka zamani.

Na sisi wagumu urafiki wetu ulikuwa wa moto wa jikoni. Unafika na kilo 20 kichwani, nguo zimelowa mvua ya msituni, sehemu ya kukaa karibu na jiko ni ndogo na kuna utaratibu usioandikwa, aliyelowa zaidi anasogea mbele. Kuna mwenzangu wa Kirua, mimi wa Rombo, tulianza kusalimiana hapo kwa sababu alinisogezea kiti bila mimi kuomba. Tulibeba mizigo pamoja miaka mingi mpaka magoti yakakataa, leo tuna duka dogo la kukodisha vifaa vya mlimani pale Marangu Mtoni, majaketi, viatu, fimbo. Tunagombana kila siku kuhusu hesabu na hatujawahi kukosana.

Msee wa Sirimon

Mgumu nimekupata vizuri sana. Huku kwetu Mt Kenya ni vile vile, sisi tulipanda na Sirimon tukiwa campus, usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, wa pili Shipton's kwa mita 4,200, hapo baridi inakupata mpaka kwa meno. Kulikuwa na kikundi cha wasee kutoka Eldoret ambao gesi yao iliisha na sisi tulikuwa na gesi lakini mabesti zangu walikuwa wamesahau sufuria chini kwa gari, hebu imagine. Tukaunganisha. Wao sufuria sisi gesi, githeri moja kubwa, na saa tisa usiku tukatoka wote pamoja kwenda Lenana. Tulifika juu mita 4,985 jua likichomoza na dem mmoja wa hao watu wa Eldoret akaanza kulia, sijui ni uchovu sijui ni nini. Huyo ndiye bibi yangu sasa. Nimeachia hapo.

Binti Makorora

Msee rudi hapa utuhadithie, huwezi kutupa mstari kama huo ukaondoka!!

Mbongo Westfalia

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye treni, naomba nichangie kutoka huku Ujerumani kwa sababu hii kitu ya hosteli za vijana imezaliwa hapa hapa jirani na ninapoishi.

Kulikuwa na mwalimu wa shule anaitwa Richard Schirrmann, alikuwa anafundisha mji unaitwa Altena. Alikuwa na tabia ya kutembeza wanafunzi wake kwa miguu siku nyingi mfululizo. Agosti 1909 wapo njiani ikawapiga mvua ya radi kali hawana pa kujificha, wakaishia kupewa darasa kwenye shule ya kijiji walale juu ya majani makavu. Watoto wamelala, yeye mwalimu usingizi umekataa, akawaza, shule zote hizi wakati wa likizo zipo tupu, kwa nini vijana wasilale humo? Mwaka 1912 ikafunguliwa hosteli ya kudumu kwenye ngome ya zamani pale Altena, ngome ya mawe juu ya kilima kabisa, na vile vyumba vya mwanzo na vitanda vyake vya mbao vimehifadhiwa kama makumbusho mpaka leo. Nimeenda kuviona. Wakuu ni vitanda vya deka! Ukiingia mle unaweza kudhani upo bweni la sekondari ya serikali, linakosekana tranka tu.

Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba huyu mwalimu alipelekwa vitani Vita ya Kwanza ya Dunia, akawa kwenye milima ya Vosges kupigana na Wafaransa. Krismasi ya 1915 askari wa pande mbili wakaacha kupigana wakatembeleana kwenye mahandaki, Wajerumani wanatoa mkate mweusi Wafaransa wanatoa konyaki na sigara. Schirrmann akabaki na wazo hilo, kwamba vijana wa nchi zote wakiwa na mahali pa kukutana wakajuana mambo yangekuwa tofauti. 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali vikakutana Amsterdam vikaunda umoja wa kimataifa. Mwaka uliofuata wanazi wakashika nchi wakachukua hosteli zote za Ujerumani wakazifanya za vijana wa chama chao, na mzee wa watu akasukumwa pembeni. Kwa hiyo wanaosema hosteli ni vitanda tu, kuna watu walizitaka kwa sababu zao.

Sasa yangu binafsi. Nilikuwa mgeni kabisa huku, nimefikia hosteli Hamburg natafuta chumba cha kudumu, naongea na mama kwa simu jikoni kwa sauti ile ya Kibongo unadhani mtandao unasikia zaidi ukipiga kelele. Nikakata simu, nyuma yangu mtu akasema "weye uko mutu ya wapi?" Nikageuka, jamaa wa Lubumbashi, anakatakata vitunguu. Wakuu sikuwahi kufurahi kusikia Kiswahili kama siku ile, hata kama nusu ya maneno yake nilikuwa nakisia. Unga wa mahindi hatuna, tukasonga kwa semolina, ikawa kitu cha katikati kati ya ugali na uji mzito, tukala na makopo ya dagaa wa mafuta, Mbrazili mmoja akaomba kuonja akakaa mpaka mwisho. Huyo Mkongo ndo alinionyesha jinsi ya kujiandikisha makazi manispaa, bima ipi nzuri, na duka la Waafrika lipo wapi. Sasa hivi yupo Ubelgiji. Kila nikienda kwake ananiuliza mama yako hajambo, na mimi namwambia bado anapiga kelele kwenye simu.

Mwananchi Mtata

Hiyo ya Altena nimeipenda, nakubali. Ila kunguni bado sijawasamehe.

Risepsheni Pwani ya Mashariki

Habari zenu wote, mimi nipo upande wa pili wa kaunta. Nafanya kazi hosteli huku Unguja, pwani ya mashariki, wageni wangu wengi wa nje lakini miaka hii Wabongo nao wanakuja sana hasa sikukuu na wikiendi ndefu.

Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote kwa sababu naiona kila siku. Tuna vyumba vya mabweni na tuna vyumba viwili vya self. Watu wa self wanakula wanamaliza, wanaulizia waifai, wanaingia ndani. Watu wa bweni ndo wanajaza ile baraza mpaka usiku, na mimi najua kabisa nani anaongea na nani. Kipindi cha tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili, tamasha lenyewe linafanyika mjini, watu wanakosa nafasi Mji Mkongwe wanatuletea wengine hadi huku, basi asubuhi unakuta Mganda, Mmakonde na Mswidi wamekodi gari moja ya kwenda mjini na hawakujuana jana.

Umeme ukikatika ndo utaona. Feni zikizima hakuna anayeweza kukaa ndani, wote wanatoka ufukweni na taulo zao, mtu mwenye gitaa anageuka mfalme. Bosi wangu anataka kununua jenereta kubwa na mimi namuunga mkono kwa sababu friji ya samaki, ila wageni wenyewe wakiandika maoni yao wanausifia usiku ule wa giza na bosi hawaelewi kabisa.

Kuna dada mmoja wa Mwanza na mmoja wa Nampula Msumbiji, walikutana kwangu kitanda cha juu na cha chini, wanaelewana kwa Kimakuwa? Hapana, kwa Kiingereza cha kubabaisha na mikono. Sasa wanakuja kila mwaka wakati wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi na wanataka kitanda kile kile. Nikiwaambia kina mtu wanakaa barazani wanasubiri aondoke.

Bumu Limeisha

Risepsheni weka mawasiliano ya hosteli bana, au njoo PM.

Msee wa Sirimon

Sawa nimerudi kwa sababu ya Binti Makorora. Alikuwa analia kwa sababu vidole vya miguu vilikuwa vimegandana na alidhani vimekufa. Nilimvua viatu pale juu nikaweka miguu yake kwa kwapa langu mpaka ikapata joto. Mama mkwe bado hajaambiwa tulivyojuana, yeye anajua ni Christian Union.

Binti Makorora

😂😂😂 Kwapa!

Mtoto wa Mafinga

Wakuu samahani kwa kuingilia, uzi mtamu ila mimi nina shida ya sasa hivi. Nimeitwa usaili Dodoma wiki ijayo, natokea Mafinga, sina ndugu kule. Hosteli gani ya bei ya chini na nibebe nini? Ni mara ya kwanza.

Kiroboto wa Kwamtogole

Mdogo wangu hongera kwa kuitwa. Usisubiri ufike usiku, panda basi la asubuhi, ukishuka ulizia hosteli za makanisa, zipo kadhaa na bodaboda wote wanazijua, piga simu kabla kwa sababu kipindi cha usaili zinajaa. Beba kufuli, malapa, shuka lako, na ekstensheni maana soketi inakuwaga moja. Vyeti halisi vyote, na kagua majina leo hii herufi kwa herufi, ikitofautiana hata moja nenda kwa wakili hapo hapo Mafinga usije kutusumbua alfajiri. Yule wa Newala yupo Dodoma sasa hivi, nimemtumia meseji kasema akupokee stendi. Njoo PM nikupe namba.